Kona ya Dobi

Mjini, 12 Februari

Mpwa wangu,

Hujambo huko kwenye baridi yako? Sisi tupo. Mkaza mjomba wako anakusalimu, na goti lake linakusalimu pia, maana siku hizi ndilo linaloongea zaidi humu nyumbani. Kinyozi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara amefunga duka, anauza simu. Kwa hiyo vichwa vyote vya mtaa huu sasa ni vyangu, hata vile visivyo na kitu ndani.

Vichwa hivyo ndivyo vilivyonifanya nishike kalamu. Kisiwa chetu kitaandaa mbio za baiskeli. Si zile za watoto wa shule, la. Ni mbio za wanawake wa kulipwa, timu za kutoka ughaibuni, na televisheni juu yake. Kamati imeundwa, na mwenyekiti wake ni yule yule aliyejenga soko ambalo milango yake inafungukia ukutani. Juzi alikaa kwenye kiti changu, kidevu juu, wembe wangu uko kooni mwake, na bado alithubutu kuniambia kwamba kisiwa hiki kimezaliwa kwa ajili ya baiskeli. Kisiwa chenye mlima katikati na barabara moja tu inayoupanda na kuushuka! Yeye mwenyewe ngazi za ofisi yake zinamtoa jasho.

Kazi ya kwanza ya kamati ni rangi. Kila nyumba iliyo kando ya barabara ipakwe nyeupe, ukuta wa mbele peke yake. Nikamuuliza, na kuta za nyuma je? Akanijibu, "Fundi, mwenye kushindana hatazami nyuma." Nusura nimkate kwa kicheko.

Wataanzia bandarini, wapande hadi makazi ya juu, kisha wateremke upande huu hadi hapa mjini. Maana yake watapita mbele ya nyumba ya mama yako, pale kwenye ile kona kali ya kushuka.

Mama yako hajambo. Shuka za nyumba ya wageni bado anazifua yeye. Zaidi ya hapo sina la kusema.

Mjomba wako,
Kinyozi


Chumbani, juu ya duka la matairi, 9 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilikaa ofisini kwa meneja chini ya katoni la biskuti mpaka nilipokwenda kuiba biskuti. Mpe pole mkaza mjomba, na goti lake pia. Mimi mzima. Tunakaa wanne chumba kimoja chenye dirisha moja, na nguo zetu tunazianika kwenye magurudumu ya baiskeli. Mwenzangu wa kitanda cha juu anakoroma kama pampu mbovu. Haya ndiyo maisha ya ughaibuni mnayoyaonea wivu.

Habari ya mbio niliipata kabla yako. Timu yetu inakuja, na mimi nimo kikosini. Usianze kujigamba mtaani. Meneja alisema waziwazi kwamba picha ya mtoto wa kisiwa itapendeza kwenye mabango, kwa hiyo nimechaguliwa kwa uso, wala si kwa miguu. Kwenye mbio kazi yangu ni kumhudumia nahodha, ambaye sisi wengine tunamwita Malkia. Narudi nyuma kwenye gari, najaza chupa za maji mgongoni na kifuani mpaka nafanana na duka, namkimbilia. Anapiga funda moja, chupa anaitupa mtaroni. Nilikimbia kufua shuka za watu nikaja kuwa mchota maji wa mtu mmoja.

Mama anajua kwamba nakuja? Unajua nilivyoondoka. Alikuwa uani anaanika, mimi nikatoka kwa mlango wa mbele na mfuko wangu, sikumuaga. Ningemuaga ningebaki. Barua zangu zote hakuzijibu, mpaka nikaacha kuandika. Sitaki umbembeleze, na sitaki umwambie kwamba nimeomba. Muulize tu kwa kupitia, kama mtu anayeulizia hali ya hewa: siku hiyo atatoka nje? Nikimwona amesimama mlangoni inatosha. Si lazima apunge mkono.

Na tafadhali usiniandikie tena kwamba huna la kusema. Wewe? Kinyozi?

Mpwa wako


Mjini, 2 Mei

Mpwa wangu,

Nimechelewa. Ningeweza kuisingizia boti ya posta, lakini boti imekuja na kuondoka mara kadhaa, nami nikiitazama tu kutoka mlangoni kwangu. Tuko salama. Goti limepata nafuu baada ya mwenye goti kukubali kukaa chini, jambo lililohitaji ugomvi wa wiki nzima.

Ngoja kwanza nikuchekeshe. Mkurugenzi wa mbio alikuja kutoka huko kwenu kukagua njia. Mwenyekiti akampitisha kwenye kuta zake nyeupe, kifua mbele. Yule mgeni akauliza kwa upole kama wenyeji wanafahamu kwamba mbio zitapigwa picha kwa helikopta. Helikopta inaona mabati yenye kutu, matundu ya kuku, ndoo na mikeka iliyochakaa, kila kitu tulichokificha nyuma. Sasa kamati inapaka mabati. Kuna mtu ameajiriwa kukaa juu ya paa la posta na kopo la rangi, na analitazama jua kama mtu aliyedhulumiwa.

Haya, mama yako. Nilipanda kwake Jumapili. Nilimkuta chumba cha pasi, dirisha limeziba kwa mvuke, shuka zimerundikana hadi kiunoni. Nikaongea weee, habari za mji, habari za goti, halafu nikasema, "Dada, mwanao atapita hapa kwenye hizo mbio."

"Mwanangu yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

Akageuza shuka. "Niliyekuwa naye aliondoka bila kuniaga. Huyo anayepita, basi apite bila kuniona. Mimi nitakuwa uani, nina kazi."

"Dada, jamani."

"Shika ncha hiyo tukunje. Umekuja kusaidia au umekuja kupiga domo?"

Tulipokuwa tunakunja, likapita gari la kamati na kipaza sauti, mwenyekiti mwenyewe ndani yake. "Wananchi! Dunia nzima inatutazama! Kila nyumba isafishe barabara mbele yake mpaka ing'ae! Mbuzi wote wafungwe nyuma!" Mama yako akasema mbuzi wana haya kuliko huyo mtu, akaendelea kupiga pasi.

Nimekuandikia kama lilivyokuwa. Usinilaumu mimi.

Mjomba wako


Chumbani, 20 Juni

Mjomba, shikamoo.

Sikulaumu. Nilijua. Mtu aliyeweza kunyoosha shuka za wageni bila mkunjo hata mmoja hawezi kushindwa kunyoosha shingo yake mwenyewe. Nani alimfundisha kusamehe? Hakuna. Nami sijui nani atanifundisha mimi, kwa hiyo tusizungumze juu ya hilo.

Afya yangu ni njema. Tunafanya mazoezi kwenye vilima ambavyo wenzangu wanaviita milima. Nilipowaambia kwamba kwetu watu hupanda hivyo kwenda kuazima chumvi, walidhani najisifu. Malkia amenunua miwani mpya yenye kioo, kwa hiyo ukiongea naye unajiona mwenyewe ukiongea. Nadhani kwake pia ni hivyo hivyo.

Meneja ametupangia kazi. Mimi niongoze kwenye mpando, nichoke kwa niaba ya Malkia mpaka kileleni, kisha nimwachie ashuke kwenda kushinda. Nikaitikia, ndiyo meneja. Lakini sikiliza, na usimwambie hata mkeo. Ule mteremko naujua mimi. Kila kona nimeishuka na kikapu cha nguo tangu nikiwa na meno ya utoto. Tairi zetu ni nyembamba kama kidole, hao wengine wataushuka wameshika breki kama mtu anayeshuka kisimani. Nikifika kileleni simsubiri mtu. Nitashuka peke yangu, mbele ya wote, na nitaipita ile kona peke yangu.

Mama akae uani akitaka. Atasikia watu wanapiga kelele, na atajua ni nani.

Kuna jambo jingine kuhusu mwisho wa msimu, lakini halina maana kwa sasa.

Mpwa wako


Mjini, 11 Agosti

Mpwa wangu mpenzi,

Pole. Pole sana. Wametuambia umefika hospitali salama na kwamba ni mtulinga tu uliovunjika. Wanaosema "tu" hawajawahi kuvunjika kitu. Walikuondoa kisiwani upesi hivyo hata uso wako sikuuona, na nilikuwa nimefunga duka na kuvaa koti. Mkaza mjomba wako amelia mpaka nimemwogopa.

Nilikuwa kwenye mstari wa kumalizia, mbele ya ile televisheni kubwa. Tulikuona ukitokea kileleni peke yako. Mji mzima ulipasuka kwa kelele. Mwenyekiti alinikumbatia, mimi, na jasho lake lote! Kisha tukaona ukuta mweupe wa nyumba ya mama yako, kisha picha ikaruka, helikopta ikatuonyesha bahari. Tukaitazama bahari muda mrefu sana.

Unajua yaliyofuata? Waliokuja nyuma yako walisimamishwa. Wakaambiwa barabara haipitiki, wakashuka mlima mzima kwa miguu, viatu vyao vya chuma vikilia ko ko ko, baiskeli mkononi. Mashindano ya kulipwa ya kutembea! Malkia wako aliingia mjini miwani kichwani, akilia kwa hasira. Bendi ya shule ilikuwa imeambiwa ipige mara tu watakapoonekana, nayo ikapiga.

Kamati imetoa tamko kwamba sababu ni ukungu. Ukungu huwa unatua kule juu asubuhi, kweli, na barabara hulowa. Basi ni ukungu.

Mama yako hajambo. Amepumzika kufua kwa sasa. Wewe pona.

Mjomba wako


Hospitali, 3 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Samahani kwa mwandiko, mkono ni wa kushoto. Wodi ni safi, chakula hakina chumvi, jirani yangu ni bibi aliyeanguka bafuni na anataka tulinganishe. Mpe mkaza mjomba salamu, mwambie asilie tena.

Ukungu hautoi povu, mjomba. Nilikuwa mtaroni, shavu kwenye lami, na povu lilikuwa puani mwangu. Sabuni ya mche. Nimelelewa ndani ya sabuni, usinifundishe kuijua. Nani aliyeimwaga? Nijibu kama mtu, usinijibu kama kamati.

Kuna jambo hukuliona kwenye televisheni yako, maana wewe ulikuwa unatazama bahari. Mama alikuwa nje. Hakuwa uani. Ndiye aliyenifikia kwanza, akapiga magoti pale pale kwenye maji. Kisha akaja daktari wa mbio na watu wake, wakamwambia, "Mama, rudi nyuma, wewe ni nani wake?" Akasema, "Mwanangu huyu." Daktari akainama, akaniuliza, "Ni mama yako?"

Nilikuwa na sauti, mjomba. Dakika chache baadaye nilimtukana meneja mpaka wabeba machela wakacheka. Lakini daktari alipouliza nilitazama juu tu, sikusema kitu. Wakamsogeza. Akasogea mwenyewe, bila kusukumwa. Usiniulize kwa nini.

Lile jambo la mwisho wa msimu ndilo hili: timu imeniacha. Ilikuwa niwaletee ushindi wangu mwenyewe au nifungashe virago, kuchota maji hakuhesabiwi. Meneja ameniletea maua yenye kadi ya mdhamini. Hata maua yao yana tangazo.

Mpwa wako


Mjini, 25 Septemba

Mpwa wangu,

Sitaanza na goti leo.

Uliuliza nani. Watu wote wa makazi ya juu waliosha barabara, kila nyumba na kipande chake, kama walivyoamrishwa na kipaza sauti. Wengi walimwaga ndoo moja wakaenda zao. Mama yako alitoka alfajiri na brashi na sabuni, akapiga magoti, akaisugua ile kona tangu ukuta hadi mtaro kama anavyosugua kola ya shati. Jirani alimuuliza si alisema atakaa uani. Akajibu alisema upite bila kumwona, hakusema upite pachafu.

Alipotaka kusuuza, bomba likakauka. Unajua maji yalikokwenda? Kamati ilifunga maji ya juu asubuhi ile ili yapatikane ya kurushwa hewani kwenye bwawa la mapambo, mbele ya jukwaa la wageni wa heshima. Mwenyekiti alikuwa ananywa soda na kuyashangilia. Mama yako alibaki na debe moja, akasuuza kwa debe moja, akakausha kwa shuka za nyumba ya wageni. Hazikutosha. Shuka zile hazitakasiki tena.

Niliyajua haya siku ya pili baada ya mbio, na nilikuandikia ukungu kwa sababu alinishika mkono akaniambia nisikwambie. Sasa nimesema na anipige.

Hafui tena. Marobota yamefika mlangoni, mwenye nyumba ya wageni anampelekea watu wa kumwomba. Anakaa kwenye kigoda na mikono mapajani. Anasema kwa mikono hii amemwangusha mwanawe, na mwanawe amemkana mbele ya watu, na alistahili kukanwa. Dada yangu, ambaye hajawahi kukubali kosa hata la kuzidisha buluu kwenye nguo nyeupe! Naona afadhali angetukana.

Kamati imekutana tena. Wanataka mbio mwakani. Wamepitisha kwa kauli moja kwamba barabara isioshwe, na hakuna aliyeuliza maji yalikuwa wapi. Jana mwenyekiti alikuja kunyolewa nikamwambia wembe umeisha makali, aende kwa muuza simu.

Mimi nimechoka kuwa boti yenu ya posta. Mama yako anajua kusoma na nyumba yake haijahama. Mwandikie mwenyewe.

Mjomba wako


Hospitali, 8 Oktoba

Mama, shikamoo.

Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, lakini maneno ni yangu. Natumaini u mzima. Mimi nilipasuliwa tena bega, mfupa ulikataa kuunga, lakini sasa nimeruhusiwa kutembea, nazunguka ukumbini nimefungwa mkono, na wauguzi wananiita bingwa. Hawakuona mbio.

Mjomba ameniambia habari ya sabuni na bomba. Usimgombeze. Kamati ningeweza kuitukana kurasa tatu, lakini mjomba ameshaimaliza, na kuna jambo ambalo yeye halijui wala sijamwambia mtu.

Barabara niliiona, Mama. Tangu nyumba ya kwanza niliona imelowa, na kila kona nilishika breki mapema kama mtu mwenye akili zake. Nilipotokeza kwenye kona yako niliona inang'aa kuliko zote, na vidole vyangu vilikuwa tayari kwenye breki. Halafu nikakuona. Ulikuwa umesimama mbele ya mlango na lile gauni lako la kijani, umelowa hadi magotini, brashi bado iko mkononi. Nikaachia breki. Nilitaka unione nikipita kwa kasi. Nilitaka uone kwamba hiki ndicho nilichokwenda kufanya, na kwamba nakiweza. Sikuanguka kwa sabuni yako. Nilianguka kwa kiburi, na hicho nadhani tunajua nilikokirithi.

Sikukuaga kwa sababu niliogopa utanitazama tu, na mimi nitaushusha mfuko. Ungenitazama tu, kweli. Nisamehe.

Timu imeniacha. Nakuja na boti ya mwisho wa mwezi, na mkono mmoja na baiskeli iliyopinda. Nikifika unaweza kunigombeza siku nzima, nitakaa kwenye kigoda nikusikilize. Marobota tutayapunguza kidogo kidogo. Mikono yako haina kosa, irudishe kazini.

Bado swali la yule daktari. Nililisikia vizuri, na nilikusikia wewe ukijibu kabla yangu. Nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo ningelia mbele ya televisheni, na nikiwa chini mtaroni, povu puani, bado nilikuwa nachunga heshima yangu. Upuuzi mtupu. Nilikutazama ukirudi nyuma, mgongo umenyooka, na sikukuita.

Mwambie yeyote atakayekuuliza, mwambie mwenyekiti na kamati yake kama wanataka walitangaze kwa kipaza sauti. Ndiyo. Ni mama yangu.

Mwanao